Kuufanya uchoraji kuwa biashara ndogo inayodumu: mwongozo kwa wachoraji wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu nimemwandikia mchoraji wa kusini ambaye mkono wake tayari unachora, lakini ambaye kila mwezi hununua rangi kwa fedha aliyoipata kwenye vibarua vingine. Nimefanya kazi hii Mikindani kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo nimewaona wenzangu wenye vipaji vikubwa kuliko changu wakiweka brashi chini, si kwa sababu kazi zao hazikupendwa, bali kwa sababu fedha iliyoingia Desemba ilikuwa imekwisha Machi. Nitakayoeleza hapa yanazunguka jambo moja: huku kwetu mchoraji hawezi kusimama kwa picha za kutundika peke yake, wala kwa mabango peke yake, husimama pale anapozipanga kazi hizo mbili kwa kufuata majira ya mvua na msimu wa korosho, kisha akaandika kila shilingi inayoingia na inayotoka.

Hatua ya kwanza: ijue kalenda ya fedha kabla ya kununua rangi

Mtwara na Lindi zina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili au Mei. Korosho huanza kuokotwa mwishoni mwa kiangazi, minada hufunguliwa mwezi Oktoba, na malipo ya wakulima kupitia vyama vyao vya msingi vya ushirika huendelea hadi mwisho wa mwaka, wakati mwingine hadi Januari. Katika miezi hiyo watu hupaua nyumba, hufungua maduka, hununua pikipiki na kufunga harusi. Hata asiyelima korosho huguswa na fedha hiyo, kwa sababu mteja wake ni mkulima au ni mtoto wa mkulima. Kuanzia Februari hadi Mei mifuko hukauka, na anayetegemea wateja wa mtaani hukaa kibarazani akitazama mvua.

Chora kalenda yako juu ya hali hiyo. Miezi ya mvua itumie kuchora ndani, ukijiwekea akiba ya picha. Juni na mwanzoni mwa Julai, ukuta ukiwa mkavu na shule zikiwa zimefunga, ni wakati wa kuchora madarasa na kuta za nje. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonyesho ya Nane Nane, ambayo kwa kanda yetu hufanyika katika viwanja vya Ngongo, Lindi, na hapo mchoraji anaweza kukutana ndani ya siku chache na watu wa halmashauri, taasisi na kampuni ambao angewatafuta mwaka mzima. Kuanzia Septemba hadi Januari ni mabango ya maduka, majina ya vyombo vya baharini, maandishi ya bajaji na picha za zawadi za harusi. Ukiianza biashara yako Machi bila akiba, utadhani watu wa kusini hawapendi sanaa, na utakuwa umewadhulumu: watu hawa wanapenda sanaa, ila mwezi huo hawana fedha.

Hatua ya pili: tenganisha kazi za oda na picha za kuuza

Kazi ya oda ni ile ambayo mteja ameitaka kabla hujaanza: bango la duka la dawa, jina la mashua, ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa darasa, mchoro wa ukumbi wa chakula. Picha ya kuuza ni ile uliyoichora kwa hiari yako ukiamini kwamba mnunuzi atapatikana. Kazi za oda hulipa kodi ya chumba, na picha za kuuza ndizo zinazojenga jina. Mchoraji anayeanza nampa ushauri wa kutumia theluthi mbili za siku zake kwenye oda na theluthi moja kwenye picha zake, na kuilinda theluthi hiyo kwa nguvu, kwa maana oda zikizoea kuila, baada ya miaka mitatu atakuwa fundi mzuri wa maandishi ambaye zamani alikuwa akichora.

Wapo wanaoona aibu kuandika mabango. Sioni sababu ya aibu hiyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, jirani zetu wa Ruvuma, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zilizokuwa zikipakwa baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi ambavyo mnunuzi aliweza kuvibeba kwapani. Alifariki mwaka 1972, na mtindo aliouacha, ambao ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza, hadi leo unabeba jina lake duniani. Vifaa vyake vilikuwa vya fundi wa mtaani.

Hatua ya tatu: nunua vifaa vinavyoistahimili pwani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hasara nyingi nilizozipata zilitokana na unyevu na chumvi.

Kwa picha ndogo, hadibodi bado ni mwanzo mzuri. Karatasi moja ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande vinane vya futi 2 kwa 2 bila kubakiza kitu, na vipande hivyo ukivigawa tena unapata futi 1 kwa 1, ukubwa unaoingia kwenye begi la msafiri. Piga msasa upande laini, paka emulsheni nyeupe, yaani rangi ya maji ya ukutani, mara mbili, na usisahau upande wa nyuma na kingo zote, kwa sababu hadibodi iliyoachwa wazi nyuma hunyonya unyevu wa bahari na kupinda kama chaga la kitanda lililoregea. Ukipenda kitambaa, amerikani iliyofuliwa ili kutoa wanga, ikakaushwa, ikavutwa vizuri kwenye fremu na kupakwa emulsheni iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, itakutosha kabisa kabla hujamudu turubai ya dukani. Misumari na pini za kawaida hushika kutu hapa kwa muda mfupi, na kutu hiyo hupenya hadi kwenye picha. Tafuta za shaba au zilizopakwa zinki. Mbao za fremu ziombe au uzinunue kwa mafundi seremala, ambao mara nyingi hubakiwa na vipande vyembamba visivyowafaa kwa milango.

Kuhusu rangi, shika kanuni moja: rangi ya mafuta hukaa juu ya rangi ya maji, lakini rangi ya maji haikai juu ya rangi ya mafuta. Akriliki na emulsheni hukauka upesi na hazina harufu kali, kwa hiyo zifae madarasa na vyumba vya watoto. Rangi ya mafuta hung'aa na hustahimili maji, kwa hiyo ifae mashua na mabango ya nje, ila ukiitumia pamoja na thina fungua madirisha yote na usilale chumba hicho usiku huo.

Ukuta una masharti yake. Plasta mpya iache ikauke wiki nne kabla ya kuigusa. Ukuta wenye unga mweupe wa chumvi usugue kwa brashi kavu, usiuoshe kwa maji, kisha usubiri uone kama chumvi itarudi. Nyumba za kale za Mikindani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Mwaka wangu wa pili nilipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo, nikachora jahazi lenye tanga jekundu ambalo nililipenda mno. Mvua za kwanza zilipokwisha, rangi ilikuwa imetoa malengelenge, na kufikia Mei tanga lote lilikuwa limebanduka. Nilirudia kazi ile kwa gharama yangu. Tangu hapo, kwenye ukuta wa chokaa natumia rangi za chokaa au za maji zinazoruhusu unyevu kutoka, na mteja namweleza mapema kwamba baada ya miaka michache zitahitaji kuguswa tena.

Hatua ya nne: chora kile ambacho kusini inacho

Simba na mlima Kilimanjaro vimechorwa na wengi, na mnunuzi anavipata Dar es Salaam kwa bei ambayo wewe huiwezi. Kusini ina mambo yake. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingizwa mwaka 1981 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ziko mkoani Lindi. Kilima cha Tendaguru, bara ya mji wa Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mifupa hiyo ilibebwa na wapagazi wetu vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, na leo mnyama mmoja anasimama katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Ule msururu wa wapagazi ni picha ambayo kila mtoto wa Lindi angestahili kuiona ukutani mwa shule yake. Kuna Shimo la Mungu kule Newala, kuna mikorosho yenyewe, kuna wanawake wanaobangua korosho, kuna soko la samaki alfajiri.

Wamakonde wamewapa walimwengu sanaa ya kuchonga, na ni halali mchoraji kujifunza kutoka kwa wachongaji jinsi wanavyozisokota sura za watu. Lakini mambo ya jando na unyago yana mipaka. Ngoma inayochezwa uwanjani mbele ya watu wote unaweza kuichora. Kinachofundishwa ndani si mali ya kuuza. Ukiwa na shaka, nenda kwa mzee, msalimu kwa heshima, kaa chini, mwoneshe mchoro wa penseli kabla ya kuutia rangi na umwambie, "Shikamoo babu, naomba unitazamie kama hapa nimevuka." Mimi nimeambiwa nimevuka mara mbili, na mara zote mbili niliuacha mchoro. Sijutii.

Hatua ya tano: panga bei kwa hesabu

Wachoraji wengi hutaja bei kwa kumtazama mteja alivyovaa. Anza badala yake na karatasi. Tuchukue mfano wa picha moja ya futi 2 kwa 2, kwa tarakimu ambazo wewe utazibadilisha kulingana na duka lako. Tuseme kipande cha hadibodi kimekugharimu shilingi 4,000, rangi 3,500, emulsheni na msasa 1,000, uchakavu wa brashi 500, fremu 6,000 na karatasi ya kufungia 500. Jumla ni 15,500. Umeichora kwa saa saba, nawe umeamua kujilipa 2,500 kwa saa, kiasi ambacho kwa siku ya saa nane ni 20,000. Hiyo ni 17,500 nyingine. Chumba, umeme na vocha vinakula 60,000 kwa mwezi, nawe unatoa picha 12 kwa mwezi, kwa hiyo kila picha ibebe 5,000. Umefika 38,000, na hapo hujapata faida hata kidogo. Umelipa tu gharama na jasho. Ongeza 4,000 ya kukuza biashara, iwe 42,000.

Sasa tuseme hoteli au duka la zawadi linakubali kuitundika picha yako kwa makubaliano ya kuchukua asilimia 30 ya bei itakayouzwa. Hapa ndipo wengi huumia. Hujumlisha asilimia 30 ya 42,000 na kupata 54,600. Lakini duka linapokata asilimia 30 ya 54,600, mchoraji hubaki na 38,220, na faida yake karibu yote imeyeyuka. Njia sahihi ni kugawanya 42,000 kwa 0.7, upate 60,000. Duka litakata 18,000, nawe utabaki na 42,000 zako kamili. Na hiyo 60,000 iwe ndiyo bei hata kwa mteja anayekuja nyumbani kwako, kwa sababu mwenye duka akisikia kwamba unauza 45,000 mlangoni pako, atazishusha picha zako siku hiyohiyo, naye atakuwa na haki.

Kwa mteja wa mtaani ambaye 60,000 ni mzigo kwake, usipunguze bei ya picha hiyo. Mchoree picha ndogo zaidi. Vipande vya futi 1 kwa 1, visivyo na fremu, ndivyo vinavyopendwa sana kwenye harusi na siku za mahafali.

Hatua ya sita: patana kwa maandishi, na ufahamu maana ya "mnada ukitoka"

Kila oda iwe na karatasi moja yenye mambo matano: kitakachochorwa na ukubwa wake, nani ananunua rangi, bei, tarehe ya kumaliza, na idadi ya mabadiliko ambayo mteja anaruhusiwa kuomba bila kuongeza fedha. Wote wawili mtie saini, na kila mmoja abaki na nakala. Chukua nusu ya bei kabla ya kuanza, kwa kuwa nusu hiyo ndiyo itakayonunua rangi. Niliwahi kuchora kuta za shule moja ya awali kwa maneno ya mdomo tu. Mwenye shule akabadilisha rangi ya wanyama mara mbili, na fedha yangu ya mwisho niliipata baada ya miezi mitano. Hakuwa mtu mbaya. Hatukuwa tumeandika chochote ambacho yeyote kati yetu angeweza kukirejea.

Mteja mkulima atakwambia atakulipa mnada ukitoka, na mara nyingi anasema kweli. Kubali kwa wachache unaowafahamu, mradi gharama ya vifaa iwe imekwishalipwa na karatasi iandikwe "malipo yakamilike ifikapo tarehe fulani", si "baada ya mnada", maana minada ni mingi na malipo huchelewa. Jiwekee kikomo pia: madeni ya watu yakizidi gharama zako za mwezi mmoja, oda inayofuata iwe ya fedha taslimu.

Hatua ya saba: halalisha kazi

Msanii anapaswa kusajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA; afisa utamaduni wa halmashauri yako ndiye mtu wa kwanza wa kumwendea, naye atakuelekeza. Namba ya mlipakodi hutolewa na TRA bila malipo. Ukitaka jina la biashara, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na leseni uombe halmashauri. Kwa wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kodi kwa kufuata mauzo, sheria imeweka kiwango cha shilingi 4,000,000 kwa mwaka ambacho chini yake hakuna kodi ya mapato, na juu ya hapo mwenye kutunza kumbukumbu huweza kulipa kidogo kuliko asiyekuwa nazo. Hiyo peke yake inatosha kukufanya ununue daftari. Hakimiliki ya picha ni yako tangu unapoichora, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hukupa ushahidi siku utakapoikuta kwenye fulana ya mtu mwingine. Halmashauri hutoa pia mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo hutolewa zaidi kwa vikundi, kwa hiyo wachoraji wa mtaa mmoja wana sababu ya kukaa pamoja.

Hatua ya nane: fikisha picha kwa wanunuzi walio mbali

Piga picha za kazi zako asubuhi, nje, kivulini, simu ikiwa imesimama sambamba na picha, kisha uandike chini yake ukubwa, aina ya rangi na bei. Kuficha bei na kuandika "njoo inboksi" huwachosha watu wenye nia ya kununua. Kuhusu usafirishaji, picha ya kitambaa ivue kwenye fremu, iviringishe upande wenye rangi ukiwa nje ili isipasuke, uizungushie karatasi laini na uitie kwenye bomba gumu la plastiki lililozibwa pande zote mbili. Hadibodi mbili zifungwe uso kwa uso, katikati pawe na karatasi ya nta, na kona zikingwe kwa boksi. Rangi ya mafuta inayoonekana kavu juu inaweza kuwa bado mbichi ndani, na joto la buti ya basi hadi Dar es Salaam huzigandisha picha mbili kuwa moja. Ipe rangi hiyo wiki tatu kabla ya safari.

Hatua ya tisa: daftari na mafungu matatu

Kila jioni andika tarehe, aliyelipa, kiasi, na ulichonunua. Fedha ya biashara ipite kwenye laini ya simu isiyo ya matumizi ya nyumbani. Kutoka kila malipo ya msimu wa korosho tenga mafungu matatu kabla ya kugusa chochote: la vifaa vya oda inayofuata, la mshahara wako uliopanga, na la miezi minne ya mvua, Februari hadi Mei. Fungu la mvua lihesabu hivi: jumlisha kodi ya chumba, chakula na ada za miezi hiyo minne, ugawanye kwa oda unazotegemea kati ya Oktoba na Januari, na ujue kila oda inadaiwa kiasi gani. Mimi huliweka kwenye kikoba chetu, ambacho kwa makubaliano yetu hatukivunji hadi Februari, kwa sababu naijua nafsi yangu ifikapo sikukuu.

Oda zikizidi uwezo wa mikono miwili, tafuta kijana anayechora, umlipe kwa kila kazi badala ya kumwahidi mgawo wa faida, na mwanzo umpe kazi ya kuandaa hadibodi na kuta, kwa kuwa hapo ndipo atakapojifunza kinachofanya rangi ishike. Atakapochora sehemu ya picha kwa mkono wake, jina lake liandikwe nyuma ya picha hiyo pamoja na lako.